Barua ya wazi kwa mafundi wanaofunga pinde za taa kwenye magari ya harusi

Mafundi wenzangu wa umeme wa magari na wa kuchomelea, wa Gerezani na Ilala, wa Kirinyaga Road, wa Mombasa na kwingineko kote ambako gari la wazi huingia gereji,



Nawaandikia kuhusu kazi moja mnayoijua vizuri: kufunga upinde wa chuma nyuma ya viti vya gari la paa la kukunja, upinde wenye taa ya breki katikati kwa juu. Wateja wakubwa wa kazi hii kwetu ni wenye magari ya kukodisha kwa harusi. Mteja analeta BMW, Mercedes au Mustang, upinde kauagiza mtandaoni, au ana picha tu kwenye simu na anataka achongewe unaofanana nao. Na siku zote anautaka kabla ya Jumamosi.

Siipingi kazi hii. Taa ile ina faida kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani, na nitaeleza kwa nini. Ninachopinga ni ahadi inayofuatana nayo, ambayo wakati mwingine inatamkwa na wakati mwingine inaachwa tu mteja ajiaminishe mwenyewe: kwamba gari likipinduka, upinde utawaokoa waliomo. Hautawaokoa. Mteja kwa macho yake hawezi kulijua hilo, kwa sababu upinde wa mapambo na kinga ya kweli vikishapakwa rangi nyeusi vinafanana. Anayejua tofauti ni yule aliyeshika bolti.

Kwanza taa. Nchini Marekani, katika miaka ya 1970, taa ya tatu ya breki iliyowekwa juu katikati ilijaribiwa kwenye teksi na magari ya kampuni, na ajali za kugongwa kwa nyuma zikapungua kwa karibu nusu. Serikali yao ikaifanya kuwa ya lazima kwa magari madogo kuanzia modeli za 1986. Madereva walipoizoea, faida ilishuka: mwaka 1998 mamlaka yao ya usalama barabarani, NHTSA, ilikadiria kwamba faida ya kudumu ni asilimia 4.3. Mtu anaweza kuiona asilimia hiyo ndogo. Mimi naiona kubwa sana kwa kifaa cha bei rahisi ambacho dereva hahitaji hata kukikumbuka. Anakanyaga breki tu, basi.

Na msafara wa harusi ndipo mahali pa kuithamini zaidi. Mbele kuna pikapu ya matarumbeta, inaweza kusimama wakati wowote mpiga picha akitaka. Magari yanafuatana yakiwa yamekaribiana, kila mmoja akiogopa daladala au bodaboda isiingie katikati ya msafara. Dereva aliye nyuma ya maharusi anawatazama maharusi, na mara nyingi ana simu mkononi. Kwenye magari mengi ya wazi, taa ya tatu ya kiwandani imekaa kwenye mfuniko wa buti, chini kabisa, na ndipo riboni zinapofungwa, maua yanapobandikwa, na shela ya bibi harusi inapoangukia. Kwa hiyo gari linalohitaji kuonekana kuliko yote kwenye msafara ule ndilo ambalo taa zake zimefunikwa. Taa iliyoinuliwa juu ya viti ni msaada wa kweli.

Lakini ni nyongeza, haichukui nafasi ya ile ya kiwandani. Naona kazi ambazo fundi ameng'oa soketi ya taa ya buti na kuihamishia kwenye upinde kwa sababu ndiyo njia ya haraka. Usifanye hivyo. Maharusi wakikaa juu, nyuma ya upinde, miili yao inaiziba taa mpya, na hapo gari linabaki na taa mbili za pembeni tu, nazo huenda zina maua. Zote ziwake, na mwambie mwenye gari kwamba mapambo hayafiki kwenye taa yoyote nyekundu.

Taa yenyewe iwe nyekundu na iwake bila kukatika. Kanuni za Marekani, ambako baadhi ya pinde hizi zinabuniwa, zinataka taa ya katikati ikae kwenye mstari wa kati wa gari, sehemu inayowaka isipungue sentimita 29 za mraba, na mwanga wake ukitazamwa moja kwa moja kutoka nyuma uwe kati ya kandela 25 na 160. Hatuna vipimo vya kandela gerejini, sawa. Ila jicho linatosha: ukisimama usiku mita kumi nyuma ya gari na ukalazimika kugeuza uso, mwanga umezidi. Vile vipande vya LED vinavyochezacheza rangi kufuata muziki visiunganishwe na breki hata mteja akikuongezea pesa. Dereva wa nyuma ana sekunde moja au mbili za kuelewa kwamba gari la mbele linasimama, na hatakiwi kuzitumia kujiuliza kama ile ni breki au ni shamrashamra. Upande wa mbele wa taa uzibwe vizuri pia, la sivyo wekundu utarudi kwenye kioo cha dereva na cha mbele kila anapokanyaga.

Kama mteja ana hiari ya kuchagua, mshauri achukue LED badala ya balbu. Waya wa balbu unachukua takriban sehemu mbili za kumi za sekunde kupata moto wa kutosha. LED inawaka papo hapo. Gari linalokuja nyuma kwa kilomita 80 kwa saa linakata zaidi ya mita nne katika muda huo. Mita nne ni urefu wa gari dogo zima.

Kwenye nyaya nitasema machache, maana wengi wenu ni mafundi wazuri kuliko mimi, lakini kuna mambo mawili yananiumiza. La kwanza ni kuchuna waya wa breki, kuviringisha mwingine juu yake na kufunga tepu. Gari la wazi linalowa. Joto la pwani linayeyusha gundi ya tepu, hewa ya chumvi inaingia kwenye shaba, na baada ya misimu miwili ya mvua kiungio kimegeuka kijani. Unganisha kwa lehemu au kwa kiungio cha kubana, kisha vaa mpira unaosinyaa wenye gundi ndani. Waya unapopita kwenye tundu la bati, weka mpira wa tundu, kwa sababu ukingo wa bati utaukata waya taratibu, na siku ukikatika fyuzi inaweza kuondoka na taa zote za breki kwa pamoja.

La pili ni mzigo. Balbu ya breki ya wati 21 inakula karibu ampea 1.75 kwenye volti 12. Taa ya LED ya wati tano inakula chini ya nusu ampea. Hakuna sababu ya kuiwekea fyuzi ya ampea 15 kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mfukoni. Fyuzi ya ampea mbili au tatu inatosha, na ndiyo itakayoulinda waya mwembamba usiwake moto chini ya zulia. Kwenye magari ambayo kompyuta ndiyo inayowasha taa, usiongeze mzigo juu ya njia yake: tumia rilei, umeme wake utoke kwenye betri kupitia fyuzi yake yenyewe, na waya wa breki uwe wa kuiamsha rilei tu. Na pima kwanza. Kwenye baadhi ya magari ya Ulaya, balbu moja inafanya kazi ya taa ndogo na ya breki, na kompyuta hukata na kurudisha umeme kwa kasi ili kupunguza mwanga. Rilei ikifungwa hapo itatetemeka usiku kucha na taa ya breki itawaka ovyo. Chukua ishara kwenye waya wa taa ya tatu ya kiwandani. Mara nyingi huo unabeba breki peke yake.

Sasa chuma, ambacho ndicho kilichonifanya niandike.

Mmeyaona magari ya Safari Rally. Mashindano yale yalianza 1953, na tangu 2021 yamerudi kwenye ubingwa wa dunia, vumbi likitimka Naivasha. Mnakumbuka gari linabiringika mara tatu, linatua kwa matairi, na dereva anafungua mlango anatoka. Kilichomwokoa ni kizimba cha mabomba ndani yake, na kizimba hicho kina kanuni. FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, inataka upinde mkuu uwe wa chuma kisicho na mshono, kilichovutwa baridi, bomba la milimita 45 lenye unene wa milimita 2.5, au la milimita 50 lenye unene wa milimita 2. Kila mguu unakaa juu ya bamba la chuma la unene usiopungua milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita 120 za mraba, bamba limechomelewa kwenye bodi, na mguu umeshikwa kwa bolti tatu au zaidi za M8 za daraja la 8.8. Kisha upinde huo unashikiliwa na mabomba mengine yanayokwenda nyuma, na moja linalokatiza kwa mshazari, ili usilale wala usijikunje.

Linganisheni na tulichofunga Ijumaa jioni. Bomba jembamba la duka la vyuma, au alumini, au plastiki iliyofunika fremu nyepesi. Mguu wenye bolti mbili. Chini yake bati la bodi, ambalo kwenye gari dogo halizidi sana milimita moja. Hakuna bamba la kugawa nguvu, hakuna bomba la kwenda nyuma. Gari la kilo 1,500 au zaidi likigeuka juu chini, uzito wote huo pamoja na mwendo unatua kwenye vituo viwili hivyo vidogo. Bolti yenyewe inaweza isivunjike. Itachomoka na bati lake, au upinde utalala nyuma, na kilichobaki kati ya lami na watu ni vichwa vyao.

Hata upinde wenye nguvu hauna maana kama ni mfupi. Kuna kipimo rahisi ambacho naomba mkifanye mbele ya mteja. Chukua ufito ulionyooka, uegemeze juu ya fremu ya kioo cha mbele na juu ya upinde, mwenye gari akiwa ameketi kwenye kiti chake. Kichwa kikigusa ufito, au kikiupita, gari likilala juu chini kichwa ndicho kitakachofika chini kwanza. Pinde nyingi za mapambo zimebuniwa zionekane vizuri zikiwa chini, na mtu mrefu anazipita. Maharusi waliokaa juu ya paa lililokunjwa, miguu ikiwa kwenye kiti, wamezipita kwa kiwiliwili kizima.

Na wanashikilia nini pale juu? Upinde wetu. Ndio mshikio wao gari linapokata kona, ndio wanaouegemea dereva akikanyaga breki. Tunapouacha uonekane imara kuliko ulivyo, tunawaalika waukabidhi miili yao.

Hapa kuna jambo ambalo, kwa ninavyoona, mafundi wengi hawalijui kwa sababu hakuna aliyewaonyesha. Watengenezaji wa magari ya wazi wamehangaika na suala la kupinduka kwa miaka mingi. Marekani ina kanuni ya uimara wa paa tangu 1973, na mwaka 2009 iliongezwa makali hadi paa la gari dogo kutakiwa kuhimili mara tatu ya uzito wa gari lenyewe. Magari ya paa la kukunja hayamo katika kanuni hiyo, maana hayana paa la kupima. Kwa hiyo viwanda vilitafuta njia zao. Porsche walionyesha 911 Targa mwaka 1965 ikiwa na upinde mpana wa kudumu nyuma ya viti. Volkswagen wakatoa Golf ya wazi mwaka 1979 ikiwa na upinde wa kudumu juu ya abiria. Na mwaka 1989 Mercedes wakaleta SL yenye upinde uliolala, ambao vihisio vikiona gari linapinduka unaruka na kusimama ndani ya sehemu tatu za kumi za sekunde.

Wazo hilo la mwisho likasambaa. BMW ya mfululizo wa 3 ya wazi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ina kinga za kuruka zilizofichwa nyuma ya viti vya nyuma. Mercedes CLK ya wazi inazo. Volvo C70 inazo. Hayo ndiyo magari tunayoletewa! Yaani mteja anakuja kutafuta upinde wa kumlinda, na gari lake lina kinga ya kweli iliyobuniwa na wahandisi na kujaribiwa, imelala chini ya kifuniko cha plastiki, nasi tunapitisha bomba letu la mapambo juu yake. Siku inapotakiwa kuruka, inagonga bomba na kuishia hapo. Au inalirusha bomba lenyewe kwenye kisogo cha aliyeketi mbele.

Kwa hiyo kabla ya drili kuguswa, kagua nyuma ya viti vya nyuma na kuzunguka viegemeo vya kichwa. Tafuta vifuniko vyenye mstari wa kufungukia, soma kitabu cha gari kama kipo, na kama hakipo tafuta modeli hiyo kwenye simu yako. Ni kazi ya dakika chache. Ukikuta kinga ya kuruka, upinde usipite kwenye njia yake kabisa, na kama hauna pengine pa kukaa, kazi hiyo ikatae. Usifungue vifuniko vile betri ikiwa imeungwa, kwa sababu baadhi ya mifumo hiyo inatumia springi kali na mingine baruti. Ninyi wachomeleaji, tafadhali msichomelee kitu karibu navyo, wala karibu na mifuko ya hewa ya pembeni. Bolti ya mkanda nayo isigeuzwe kuwa mguu wa upinde, isipokuwa aliyeutengeneza upinde ameandika hivyo na ametoa bolti yake. Ukiongeza bamba chini ya bolti ile ile, nyuzi zinazoshika zinapungua, na mkanda ndio kinga pekee ambayo kila gari la wazi linayo. Mwisho, fungua na ufunge paa taratibu ukiwa umesimama pembeni, ulisimamishe nusu njia, uone kama fremu yake inagusa upinde.

Najua kinachowafanya wengi wanyamaze. Mteja akiambiwa kwamba upinde ni wa taa na urembo tu, anaweza kuondoka kwenda gereji ya jirani, ambako hataambiwa. Kodi ya gereji haisubiri, na watoto wana ada. Ndiyo maana sikulizungumza jambo hili na fundi mmoja mmoja, nikaamua kuwaandikia wote. Tukilisema sote, mteja hatakuwa na gereji ya kukimbilia, na hakuna atakayepoteza kazi kwa kuwa mkweli. Kazi yenyewe itabaki, kwa sababu taa inahitajika na wenye magari ya harusi wanaipenda sura yake. Kitakachoondoka ni ile imani ya hatari peke yake.

Kuna mteja ambaye atataka kinga ya kweli baada ya kuyasikia haya. Huyo naye aambiwe yote. Kizimba cha mashindano kimebuniwa kwa mtu aliyevaa kofia ngumu na mikanda inayombana kwenye kiti. Mtu wa kawaida, kichwa wazi, akigongwa kwa nyuma, kisogo chake kinaweza kukutana na bomba la chuma lililo sentimita chache nyuma yake. Bomba lolote linalofikiwa na kichwa linahitaji kuvishwa sponji ngumu, hata lile la mapambo. Mimi ningemshauri atunze kinga ya kiwandani iliyomo garini mwake, ahakikishe taa ya onyo la mifuko ya hewa haiwaki kwenye dashibodi, na asiongeze chuma.

Kwenu wenye magari, ndugu zetu mnaotuletea kazi: maharusi wakae kwenye viti, wafunge mikanda, picha za juu zipigwe gari likiwa limesimama. Najua bibi harusi amelipia aonekane, na shangazi zake wanataka aonekane. Lisimamisheni gari pale ukumbini au ufukweni, mpiga picha afanye kazi yake kwa utulivu hata nusu saa, halafu washuke waketi ndipo safari iendelee. Dereva wenu ndiye mwenye mamlaka ya kusema hivyo, na anahitaji kujua kwamba mtamuunga mkono familia ikimjia juu.

Ombi langu kwenu mafundi ni moja na halina gharama. Kila upinde wa taa unaofungwa, risiti yake iandikwe maneno haya kwa mkono: "Upinde huu ni wa taa na mapambo. Hautalinda watu gari likipinduka." Mteja asome, asaini, abaki na nakala. Mkiweza, bandikeni karatasi yenye maneno hayo hayo ndani ya kifuniko cha sanduku la dashibodi, ili dereva wa zamu na atakayelinunua gari baadaye wayaone pia. Asiyetoa risiti amwambie mteja mbele ya shahidi.

Wakati wa Ramadhani na Kwaresima harusi hupungua, na magari haya mengi hulala au huja kutengenezwa. Baada ya Idi na Pasaka yanatoka yote kwa mpigo. Naomba maneno hayo yawe yameanza kuandikwa kabla ya hapo.

Wenu katika kazi,

Fundi umeme wa magari
Dar es Salaam